Mac Ipi Ikufae Visiwani: MacBook Pro ya Intel, MacBook Air M1 au Mac mini M4

Anayetafuta Mac Unguja au Pemba, na fedha zake ni za kuhesabu, kwa kawaida hubakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni MacBook Pro ya mtumba yenye prosesa ya Intel, ya kati ya 2015 na 2020, ambayo bei yake ndiyo ya chini. Ya pili ni MacBook Air M1, iliyotoka Novemba 2020, nayo siku hizi hupatikana zaidi ikiwa imeshatumika. Ya tatu ni Mac mini M4 mpya, ile ndogo ya mezani iliyotoka Novemba 2024 kwa bei ya kuanzia dola 599 huko Marekani. MacBook Air M4 ya 2025 ni mashine nzuri sana, na mwenye uwezo wa kuitoa dukani hana cha kuhangaika. Haya nayaandika kwa anayetaka kila shilingi yake ifanye kazi.

Nimezipima kwa mambo sita: miaka ya masasisho iliyobaki, kazi zinazoziweza, zinavyoishi na umeme wetu, zinavyostahamili hewa ya bahari, vifaa na bando zinavyodai, na ugumu wa kuzikagua kabla hujalipa. Kasi sikuipa fungu lake peke yake, kwa sababu huku kwetu mashine nyingi huachwa kwa sababu nyengine kabla mwenyewe hajalalamikia kasi. Apple haina duka lake lenyewe popote barani Afrika. Ukinunua vibaya, hakuna mlango wa kampuni wa kwenda kugonga, na ndiyo maana naona uchaguzi wa mwanzo ni wa kufanywa kwa utulivu.

Miaka ya masasisho iliyobaki

Habari kubwa kuliko zote kwa mnunuzi wa Mac ilitoka Juni 2025, kwenye WWDC, mkutano wa kila mwaka wa Apple na watengenezaji programu. Apple ilisema wazi kwamba macOS Tahoe, toleo la 26 la mfumo wa uendeshaji wa Mac, lililotoka Septemba mwaka huo, ndilo la mwisho kukubali prosesa za Intel. Linalofuata ni la mashine zenye prosesa za Apple zenyewe, kama hizi za M (M1, M4 na ndugu zake), peke yake.

Hapo ndipo neno "MacBook Pro ya Intel" linapogawanyika vipande, na muuzaji si lazima akwambie. Ya 2015 na ya 2016 zinaishia macOS Monterey, toleo la 2021. Ya 2017 inafika Ventura. Za 2018 na nyingi za 2019 zinafika Sequoia. Zinazopokea Tahoe ni mbili tu katika MacBook Pro zote za Intel: ya inchi 16 ya 2019, na ya inchi 13 ya 2020 yenye matundu manne ya USB-C. Ile ya 2020 yenye matundu mawili haimo. Kwa hiyo mashine mbili zinazofanana mezani, zenye bei zinazokaribiana, zinaweza kupishana miaka kadhaa ya uhai.

Wapo watakaokwambia habari ya OpenCore Legacy Patcher, programu ya watu wa kujitolea inayowezesha Mac za zamani kupokea mifumo mipya. Ni kazi ya kuheshimiwa, na kwa mashine ya kujifunzia nyumbani naiunga mkono. Kwa mashine inayokulisha siipendekezi: kila sasisho la Apple linakuwa jambo la kusubiri na kusoma kwanza, na siku likiharibika, wewe ndiye fundi.

MacBook Air M1 inapokea Tahoe yote kamili. Lakini M1 ni kizazi cha kwanza cha prosesa za Apple zenyewe kwenye Mac, kwa hiyo siku Apple ikianza kupunguza ndani ya familia hiyo, ndiyo itakayotangulia kutoka. Mac mini M4 iko miaka minne mbele yake kwenye foleni hiyo.

Jambo moja la kuzingatia kwa wenye M: programu za zamani zilizoandikwa kwa ajili ya Intel huendeshwa kwa msaada wa Rosetta 2, na Apple imeshatangaza kwamba baada ya macOS 27 msaada huo utabanwa sana. Kama unatumia programu ya zamani ya hesabu au ya kuchora ramani za majengo, angalia sasa kama mtengenezaji wake ameshatoa toleo la M.

Kazi zinazoziweza

Nianze na wanaotaka kuishi kwa kutengeneza programu, maana ndio wanaouliza zaidi. Tangu Silicon Zanzibar, mpango wa serikali wa kuvutia kampuni za teknolojia, itangazwe 2022, na Fumba kutajwa kama makao ya kampuni za teknolojia, vijana wengi wanasomea fani hii, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na kwengineko, na wengi wanaamini hawawezi kuanza bila Mac. Wanaweza. Tovuti, mifumo ya nyuma ya tovuti, hifadhidata na programu za Android zote zinaandikika kwenye kompyuta yoyote ya Windows au Linux yenye memori ya kutosha. Mac inakuwa ya lazima pale tu unapojenga kitu cha kuingia kwenye iPhone au iPad, kwa sababu Xcode, programu ya Apple ya kujengea vitu hivyo, haiendeshwi mahali pengine.

Sasa tazama Xcode inavyozikata mashine hizi tatu. Kuanzia Aprili 2026, Apple inataka programu zinazopelekwa App Store ziwe zimejengwa kwa zana za iOS 26 (mfumo wa iPhone), yaani Xcode 26, na Xcode 26 inadai macOS Sequoia 15.6 au zaidi. MacBook Pro ya 2015 kwa njia rasmi imekwama Xcode 14.2. Ya 2017 nayo imebaki nje. Za 2018 hadi 2020 zinaingia, lakini mlango unasogea kila mwaka: 2024 ilitakiwa Xcode 15, 2025 ikatakiwa Xcode 16, na kila moja ilikuja na mfumo wake wa chini kabisa. Mwendo ukibaki huo, anayenunua Intel leo kwa ajili ya App Store ananunua muda mfupi sana.

MacBook Air M1 inaiendesha Xcode vizuri. Kasoro yake ni memori: nyingi zilizouzwa zina GB 8, na memori hiyo imo ndani ya chipu, haiongezeki kwa fundi yeyote. Ukifungua Xcode, simuleta ya iPhone (iPhone ya kuigiza kwenye skrini), kivinjari chenye kurasa za kujifunzia na WhatsApp pembeni, utaona mashine inaanza kusita. Kwa Flutter, zana ya kuandika programu moja ya iPhone na Android, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu utataka emuleta ya Android nayo iwe wazi. Ukiona M1 ya GB 16, ilipie hiyo nyongeza bila kusita.

Mac mini M4 inaanzia GB 16, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Diski ya GB 256 ndiyo inayobana, kwa sababu Xcode na simuleta zake hula makumi ya GB, lakini miradi unaweza kuiweka kwenye SSD ya nje.

Kuhusu ajira zenyewe, jipange na gharama hizi mapema. Uanachama wa Apple Developer Program ni dola 99 kila mwaka, wakati Google Play hutoza dola 25 mara moja tu. Hoteli au kampuni ya utalii ikikupa kazi ya kuwatengenezea programu, ni bora ifungue akaunti kwa jina lake yenyewe, na kwa hilo Apple huitaka namba ya D-U-N-S, yaani namba ya utambulisho wa kampuni. Waambie mwanzo wa kazi, maana kuipata namba hiyo huchukua muda na mteja wa hoteli hapendi kusikia habari mpya wiki ya kukabidhiwa. Na kwa anayeomba kazi za mbali, programu moja yako iliyomo App Store, inayofunguka na kufanya inachosema, inazungumza kwa niaba yako kuliko orodha ndefu ya vyeti. TestFlight inakuruhusu kuwapa watu wa nje hadi 10,000 waijaribu kabla ya kuitoa rasmi; huna haja ya hao wote, jirani zako watano wenye iPhone wanatosha kuanza.

Wahariri wa video, wa harusi na wa matangazo ya hoteli, wana hesabu tofauti. DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo linaendeshwa kwenye zote hizi, mradi mfumo ni mpya vya kutosha. MacBook Pro ya inchi 16 ya 2019 bado ina hoja zake hapa: skrini kubwa, kadi ya picha ya AMD, na hata ile ya bei ya chini kabisa ilitoka na GB 16 za memori na GB 512 za diski. M1 inasoma video za HEVC za kamera na simu bila kutoka jasho, ila Air haina feni, na kazi ndefu ya kutoa video ya saa nzima itaifanya ipunguze mwendo ili isipate moto. Mac mini M4 ina feni na mitambo ya kushughulikia ProRes, aina ya video ya wahariri, ndani ya chipu, na inakubali skrini tatu. Kwa chumba cha kuhariria, kati ya hizi tatu, naona mini imetulia zaidi. Lakini bwana harusi akitaka kuona vipande usiku ule ule ukumbini, mini imebaki nyumbani.

Na mwenye kuhitaji Windows ajue hili: Intel inaingiza Windows moja kwa moja kwa Boot Camp. Mashine za M hazina Boot Camp. Zinaendesha Windows 11 ya Arm kupitia programu kama Parallels, ambayo hulipiwa. Ofisi yenye programu ya uhasibu ya Windows isiyobadilishika inaweza kukuta Intel ya zamani inaifaa kuliko M4 mpya.

Umeme

Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari hadi Fumba, na wa Pemba unatoka Tanga. Walioishi Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, miezi ile mitatu ya giza, hawahitaji kuelezwa maana ya kutegemea waya mmoja. Hali ya leo si ile, lakini umeme kukatika na kurudi kwa nguvu bado ni sehemu ya maisha, na TUKUZA, umeme wa kulipia kabla, nayo huisha usiku wakati umejisahau.

MacBook Air M1 ndiyo inayoishi vizuri zaidi na hali hii. Betri yake ni ya Wh (wati-saa) 49.9 tu, lakini Apple iliikadiria saa 15 za kutumia mtandao ikiwa mpya, kwa sababu chipu yenyewe inakula kidogo. Hata ikiwa imezeeka na kubakiwa na sehemu tu ya uwezo wake, bado utamaliza siku ya kazi ya kawaida. Zaidi ya hapo, chaja yake ni ya W 30, kwa hiyo pawabanki nzuri ya USB-C inaichaji, na hata sola ndogo ya nyumbani haiogopi. Kwa aliye Micheweni au Makunduchi, hii pekee yaweza kumaliza mjadala.

MacBook Pro za Intel zina betri kubwa, ya inchi 16 ina Wh 100, lakini zinaila. Chaja yake ni ya W 96. Mtumba wa 2015 ambao betri yake haijabadilishwa mara nyingi ni kompyuta ya mezani iliyovaa umbo la laptopu: umeme ukikatika, nayo inazimika. Weka gharama ya betri mpya kwenye bei tangu mwanzo.

Mac mini haina betri kabisa. Watu husikia hivyo wakaitoa kwenye orodha, na mimi naona wanaharakisha. Ikiwa wazi bila kazi inakula kama W 4, na ukiibana kabisa haizidi W 65. Skrini ya kawaida ndiyo inayokula zaidi, pengine W 25. UPS (kisanduku cha betri ya akiba) ndogo ya 650VA kwa kawaida ina betri moja ya volti 12 na Ah 7, yaani Wh 84; toa inayopotea njiani, ubakiwe na kama Wh 50. Kwa kazi ya kuandika, ambapo mini na skrini pamoja zinakula W 40 au chini yake, hiyo ni saa moja na zaidi kidogo betri ikiwa mpya. Inatosha kumaliza ulichoanza na kuzima kwa utaratibu. Haitoshi kwa kukatika kwa siku nzima. Na UPS hiyo ni lazima, usiifikirie kama kitu cha baadaye, maana bila hiyo kila umeme ukikatika utapoteza ambacho hujahifadhi.

Chumvi, joto na mchanga

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na wakati wa masika hata nguo kabatini zinalijua hilo. Kompyuta yenye feni inavuta hewa hiyo ndani mchana kutwa. Ukifungua MacBook Pro ya Intel iliyotumika karibu na pwani, mara nyingi utakuta vumbi limeganda kama sufi kwenye mapezi ya kupozea, na kwenye vichwa vya viunganishi ukoga wa kijani. Intel zinapata moto, feni zinazunguka zaidi, na zikizunguka zaidi zinavuta zaidi. Zikisafishwa mara moja kwa mwaka hubadilika kabisa, na kazi hiyo fundi mzuri anaijua.

MacBook Air M1 haina feni, kwa hiyo haivuti kitu. Hii ni faida kubwa Visiwani ambayo sioni ikisemwa vya kutosha. Udhaifu wake ni skrini. Nafasi kati ya kibodi na kioo ikifungwa ni ndogo mno, na punje moja ya mchanga wa Paje au Nungwi iliyobaki kwenye kona ya kibodi inatosha kukipasua kioo siku utakapofunga kwa haraka. Vile vifuniko vya plastiki vya kubandika juu ya kamera navyo hupasua. Apple yenyewe imeonya watu wasifunge laptopu zikiwa navyo. Kabla ya kufunga, pitisha kitambaa laini juu ya kibodi. Ni sekunde chache.

MacBook Pro za 2016 hadi 2019, isipokuwa ya inchi 16, zina tatizo lao la pekee: kibodi ya aina ya kipepeo, ambayo vumbi dogo tu huifanya herufi igande au ijirudie. Apple iliwahi kuzitengeneza bure, lakini ahadi ile ilikuwa ya miaka minne tangu mashine iuzwe mara ya kwanza, na kwa mtumba wa leo imekwisha. Kwa mazingira ya mchanga mimi ningeziruka zote.

Mac mini inavuta na kutoa hewa kupitia chini yake. Iweke juu ya meza ngumu, isiwe juu ya kitambaa cha mezani wala ndani ya kabati la TV lililofungwa. Kwa kuwa haitembei, unaweza kuiweka chumba kisichofunguka dirisha la upande wa bahari, jambo ambalo mwenye laptopu hawezi kuliahidi.

Vifaa na bando

Bei ya Mac mini ni ya kisanduku tu. Kibodi, kipanya na skrini ni juu yako. HDMI inayo, kwa hiyo TV ya nyumbani inaweza kukushika mkono miezi ya mwanzo, lakini haina hata tundu moja la USB ya zamani, na kibodi nyingi za bei nafuu zinakuja na kichwa hicho. Nunua adapta siku hiyo hiyo. MacBook Air M1 ina matundu mawili ya USB-C, yote upande wa kushoto, na inakubali skrini moja tu ya nje. MacBook Pro ya 2015 ndiyo tajiri wa matundu: HDMI, USB za kawaida, na tundu la kadi ya kamera. Mwalimu anayehama darasa hadi darasa na projekta atalipenda hilo.

Kwenye bando, jua kwamba sasisho moja la macOS ni GB nyingi. Hapa mini ina uwezo ambao skuli na ofisi zingeutumia: ikiwa imeunganishwa kwa waya wa mtandao, washa Content Caching kwenye mipangilio ya kushirikiana, na sasisho litashushwa mara moja, kisha Mac, iPad na iPhone nyengine za humo ndani zitalichukua kwake. Laptopu nazo zinaweza kufanya hivyo, ila ni lazima zibaki hapo hapo na waya.

Ukiwa mbele ya muuzaji

Mini mpya haina mengi: boksi halijafunguliwa, namba ya mashine inasomeka, risiti umepewa. Kitufe cha kuwashia kiko chini, kwenye kona ya nyuma, usije ukadhani ni mbovu.

Mtumba ndio wenye kazi, na mtego wa kwanza uko kwenye MacBook Air. Mwaka 2020 Apple ilitoa Air mbili. Ya Machi ina Intel, ya Novemba ina M1, na ukizitazama kwa nje ni ndugu mapacha. Muuzaji akisema "Air ya 2020" amesema kweli, na bado hujajua unanunua nini. Igeuze usome maandishi madogo chini: A2179 ni Intel, A2337 ni M1. Kisha iwashe, bonyeza alama ya tofaa na uchague About This Mac. Unataka kuona Apple M1. Kibodi nayo inasema. Kwenye M1, safu ya juu ina alama ya maikrofoni kwenye F5 na mwezi mchanga kwenye F6. Ya Intel hapo ina alama za kuongeza na kupunguza mwanga wa kibodi.

Mtego wa pili ni mzito zaidi. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni na skuli za nje, na baadhi zimesajiliwa kwa wenyewe mpaka leo. Zikitayarishwa bila mtandao, zinafunguka kama kawaida na zinaonekana safi. Siku utakapoifuta na kuianzisha upya ikiwa na mtandao, inaleta ukurasa wa Remote Management na jina la kampuni usiyoijua, na hapo haikubali kwenda mbele. Dawa ni kufanya jambo hilo kabla ya kulipa. Mwambie muuzaji kwa adabu: "Kaka, naomba tuifute hapa hapa, tutumie mtandao wa simu yangu." Muuzaji mwenye mali safi hatakataa. Katika ufutaji huo huo utajua pia kama kuna kufuli ya akaunti ya Apple ya mtu mwengine. Kwa Intel za zamani kama ya 2015, izime, iwashe huku umeshikilia kitufe cha Option; ukiona picha ya kufuli, kuna nywila ya ndani ambayo hutaitoa kirahisi.

Mwisho ni betri. Kwenye System Information, sehemu ya Power, utaona Cycle Count. Laptopu zote hizi zimehesabiwa kufika mizunguko 1,000. Ikiwa imepita hapo, au hali yake imeandikwa inahitaji huduma, punguzeni bei kwa gharama ya betri na kazi ya fundi.

Nani achukue ipi

Mwanafunzi anayepanda daladala kutoka shamba kwenda Tunguu, anayeandika tovuti, ripoti na mara moja moja Xcode, MacBook Air M1 inamfaa. Akipata ya GB 16 ni bora, akipata ya GB 8 afunge asichotumia na aendelee.

Anayetaka kufanya programu za iPhone kuwa ndiyo kazi yake, na ana chumba chenye umeme wa kuaminika kiasi na UPS, achukue Mac mini M4. Ikiwa tayari ana kompyuta ya Windows, skrini na kibodi zimeshapatikana, na gharama inashuka sana. Wanaoishi Pemba wakisafiri mara kwa mara kwa boti kuja Unguja, mini yenyewe ina uzito wa chini ya kilo moja na inaingia kwenye mkoba, mradi huko uendako kuna skrini inayokusubiri.

Mhariri wa video wa nyumbani, mini. Mhariri anayetakiwa aonyeshe kazi ukumbini au hotelini, Air M1, na akubali kusubiri kidogo wakati wa kutoa faili refu.

MacBook Pro ya Intel inamfaa mwenye bajeti ndogo anayetaka skrini nzuri, kibodi nzuri na mfumo wa Mac wa kujifunzia, au mwenye programu ya Windows isiyokwepeka. Atafute ya inchi 16 ya 2019, au ya inchi 13 ya 2020 yenye matundu manne, na bei iwe ya kulingana na miaka iliyobaki. Mwalimu wa projekta anaweza kushuka hadi ya 2015, akijua kwamba masasisho yake yamekwisha na asiweke humo mambo ya benki.

Skuli au kituo cha vijana kinachotaka darasa la kompyuta kianze na mini moja ya kuhifadhi masasisho na kufundishia, kisha kiongeze Air M1 moja moja kadiri fedha zinavyopatikana, kila moja ikiwa imefutwa na kuanzishwa upya mbele ya aliyetumwa kununua.

Na ikiwa kazi yako ni Android na tovuti peke yake, na hakuna mteja aliyekuomba iPhone, baki na kompyuta uliyonayo na fedha hizo zitie kwenye memori, SSD na UPS. Flutter itakuruhusu kuandika leo, na siku mteja wa iPhone atakapokuja, GitHub Actions ina Mac za kukodi mtandaoni zinazoweza kukujengea toleo la kwanza wakati unakusanya za kununua yako.